Dume Kwanza: Mwongozo wa Kuokoa na Kuboresha Ng'ombe Wekundu wa Iringa

Ukitaka kujua kama kundi la ng'ombe wa asili litakuwepo baada ya miaka ishirini, usianze kwa kuhesabu vichwa. Uliza ni dume gani anayepanda majike, ametoka kwa mama yupi, na nani aliamua abaki dume badala ya kuhasiwa. Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ni kwamba hakuna aliyeamua. Dume anayepanda ni yule aliyebaki baada ya wenzake kuuzwa au kufungwa jembe, na huenda alibaki kwa sababu hakuna aliyemtaka. Mwongozo huu ni wa mfugaji wa Ilembula, mkoani Njombe, na wa majirani zake, kuanzia Makambako hadi vijiji vinavyoteremka kuelekea bonde la Usangu. Hoja yake ni moja: ng'ombe mwekundu wa Iringa anapotea kwa njia ya dume, na njia nafuu kuliko zote ya kumwokoa na kumboresha inapita kwa dume huyohuyo. Malisho, josho na chanjo vina nafasi yake, nami nitavifikia, lakini bila dume aliyechaguliwa vyote hivyo vitalisha na kutibu kundi linalozidi kudhoofika kila kizazi.

Ng'ombe tunayemzungumzia ni mmoja wa koo za zebu wa pembe fupi wa Tanzania, pamoja na mweupe wa Singida, wa Mkalama, wa Kimasai, wa Mbulu na wa Kigogo. Wengi wa ng'ombe hawa wa Iringa ni wekundu, wana nundu, na umbo lao ni dogo. Jike mzima wa zebu hawa kwa kawaida huwa na kilo kati ya 200 na 300. Huzaa ndama wa kwanza akikaribia miaka minne, hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kuzaa tena, na maziwa yanayobaki baada ya ndama kunyonya ni lita moja au mbili kwa siku. Takwimu hizo ndizo zinazowafanya wengi wamdharau. Lakini zisome pamoja na mazingira zilimopatikana: nyasi kavu za Oktoba, maji ya mbali, kupe mwaka mzima, jembe la kukokota wakati wa kulima, na dawa pale tu fedha zinapokuwepo. Mnyama anayezaa na kuishi katika hali hiyo ana kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Swali la busara ni jinsi ya kumwongezea uwezo bila kumpotezea kitu hicho.

Kuna atakayeuliza: nchi yenye ng'ombe karibu milioni 34 kwa mujibu wa sensa ya kilimo ya 2019/20, wengi wao wa asili, inawezaje kusemwa kwamba inapoteza ng'ombe wa asili? Idadi ya vichwa huficha mambo ya damu. Ng'ombe wa taifa wanaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka huku ukoo mmoja ukiyeyuka ndani yao bila yeyote kuona, kwa sababu hakuna mzoga wa kuhesabu. Kwenye nyanda za Njombe malisho ya zamani yamegeuka mashamba ya misindano, milingoti, chai na parachichi. Mabondeni, bustani za vinyungu zimechukua majani mabichi ya kiangazi ambayo zamani yalikuwa ya mifugo. Upande wa chini, bonde la Usangu lilipokea kwa miongo kadhaa wafugaji kutoka kaskazini na katikati ya nchi pamoja na ng'ombe wao, hadi agizo la 2006 la kuwaondoa likayatawanya makundi upya. Popote makundi yanapokunywa maji pamoja, damu huchanganyika. Hilo si kosa la mtu wala la kabila lolote, ila ni jambo linaloendelea kutokea kama hakuna anayelisimamia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huuhesabu ukoo kuwa hatarini majike wake wa kuzalia wakipungua hadi 1,000, au madume wa mbegu wakifika 20. Tazama kipimo hicho cha pili. Ukoo unaweza kuwa na maelfu ya majike na bado ukawa hatarini kwa sababu ya uhaba wa madume peke yake.

Sasa tazama kinachotokea zizini. Ndama dume mwenye kifua kipana, miguu minene na mgongo ulionyooka huonekana mapema. Akifika miaka miwili hivi, baba mwenye shamba anamwona kuwa maksai mzuri, na wala hakosei, kwa maana jembe linahitaji nguvu. Anahasiwa. Mwenzake aliyenona anauzwa mnadani kulipia ada ya shule, kwa sababu ndiye anayeleta fedha nyingi kwa mara moja. Anayebaki na korodani zake ni yule aliyedumaa, na kwa kuwa hakuna mwingine, ndiye anayepanda majike wote wa kitongoji. Fanya hivyo vizazi vitano na utakuwa umeendesha mpango kamili wa uzalishaji, isipokuwa umeuendesha kinyume: kila kizazi umeondoa baba bora na kumpa kazi aliye dhaifu. Jike katika maisha yake yote huacha ndama watano au sita. Dume anayepanda majike ishirini huacha ndama kumi au zaidi kila mwaka. Ndiyo maana kosa katika kuchagua jike hubaki kwenye zizi moja, ilhali kosa katika kuchagua dume huenea kijiji kizima. Na ndiyo maana marekebisho yakianzia kwa dume, nayo huenea kwa kasi ileile.

Hatari ya pili ni uzao wa ndugu, na hapa tuna la kujifunza kutoka mbali. Katika milima ya Himalaya watu hufuga yaki, ng'ombe wa manyoya marefu anayeishi juu kabisa, mahali ambapo ng'ombe wa kawaida hawezi. Sensa ya mifugo ya India ya 2019 ilihesabu yaki kama 58,000 tu, pungufu kwa robo nzima kuliko sensa ya 2012. Sababu ni nyingi, zikiwemo vijana kuacha ufugaji na malisho kuharibika, lakini moja inatuhusu moja kwa moja. Wafugaji wa Nepal na Bhutan walizoea kuleta madume wapya kutoka Tibet. Mipaka ilipofungwa, wakabaki kupandisha madume walewale kwa binti zao na wajukuu zao, na ng'ombe wakadhoofika. Milima ya Himalaya ina mpaka wa kimataifa. Kwetu mpaka unaofanya kazi hiyohiyo ni mazoea: dume wa baba anabaki kwa baba, anapanda mama, kisha binti, kisha mjukuu. Ndama aliyezaliwa na baba na binti yake amerudia robo ya damu yake, na matokeo huonekana kwa majike wanaopanda bila kushika mimba, ndama wanaozaliwa wadogo, na vifo vinavyodhaniwa kuwa ni ugonjwa tu.

Kazi yako ya kwanza basi ni daftari. Usingoje mradi. Mkae wafugaji wa kitongoji, muandike kila jike wa kuzalia kwa jina au alama yake, umri wa kukadiria, mama yake ikiwa anajulikana, amezaa mara ngapi, ndama wangapi wako hai, na tarehe ya uzazi wa mwisho. Andikeni pia kila dume aliyefikia umri wa kupanda, na mtaje bila haya ni yupi aliyezaa nini. Safu hizo chache zitawapa zaidi ya wanavyopata wengi wenye fedha. Jike aliyezaa kabla ya kutimiza miaka minne na kuzaa tena ndani ya miezi 18, mara mbili mfululizo, katika malisho yale yale ambamo jirani zake walikaa miezi 26, amekuonyesha uwezo wake bila maabara. Hereni za utambuzi zinazotolewa na serikali chini ya sheria ya utambuzi wa mifugo ya 2010 zitumieni kama namba ya daftari hilo, maana alama isiyofutika ni bora kuliko kumbukumbu ya mzee, hata awe hodari kiasi gani. Rangi iandikwe, ila isiwe kigezo cha kwanza. Ng'ombe mwekundu mwenye mama asiyejulikana, anayezaa kwa nadra, hana thamani kuliko mwenye mabaka ambaye ukoo wake wote ni wa hapa na kila mwaka au miwili ana ndama mguuni.

Kutoka kwenye daftari ndipo dume anapochaguliwa, na uchaguzi uanzie kwa mama. Chukua sehemu ya tano ya majike walio bora kwa kuzaa na kulea, na uweke sharti kwamba hakuna ndama dume wa majike hao atakayehasiwa wala kuuzwa kabla ya kukaguliwa. Ukaguzi wa kwanza ufanyike akifika mwaka mmoja. Aliyedumaa, mwenye miguu iliyopinda, mwenye taya fupi au korodani moja, ahasiwe siku hiyo kwa koleo la kuhasi, kabla hajaanza kupanda. Waliobaki watunzwe mbali na majike hadi karibu na miaka miwili, kisha wakaguliwe tena: kifua kipimwe kwa utepe, wapangwe kwa uzito na umri, korodani zitazamwe kama ziko sawa na zimeshuka vizuri, watembezwe umbali mrefu ili miguu ijulikane, na tabia yao ipimwe. Usimchague dume mkali kwa kuvutiwa na ukali wake. Watoto wake watakuwa maksai wasiofundishika, na katika eneo linalolima kwa ng'ombe hilo ni hasara ya kila msimu. Chunguza pia masikio na chini ya mkia baada ya mvua, ulinganishe kupe wake na wa wenzake waliolala zizi moja. Tofauti kati ya mnyama na mnyama ni kubwa, na sehemu yake hurithiwa. Anayeshinda ukaguzi huu ndiye dume wa kijiji, na wengine wote sasa wanaweza kuwa maksai. Kwa hiyo jembe halikosi nguvu. Linapata maksai ambao baba yao alichaguliwa, badala ya kumla baba mwenyewe.

Swali la madume wangapi linajibiwa kwa hesabu, wala si kwa makisio. Wataalamu wa vinasaba wana kanuni fupi: zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha kwa nne, kisha gawanya kwa jumla ya madume na majike. Jibu ndilo ukubwa wa kweli wa kundi kwa upande wa damu, na inashauriwa lisishuke chini ya 50. Kundi la majike 50 na dume mmoja, ambalo kwa macho ni kundi kubwa, linatoa jibu la 4 tu. Majike 300 wanaopandwa na madume watano wanatoa kama 20. Majike haohao 300 wakipandwa na madume 15 wasio ndugu, jibu linapanda hadi 57, na uzao wa ndugu unashuka chini ya asilimia moja kwa kila kizazi. Hapo kila dume ana majike 20, uwiano ambao pia unamtosha kwa kazi bila kumchosha. Hakuna mfugaji mmoja wa Ilembula mwenye haja ya kufuga madume 15. Lakini vitongoji vitano, kila kimoja kikiwa na madume watatu na majike 60, tayari vimefika. Ndiyo sababu mwongozo huu unasisitiza kijiji na kata. Damu haiwezi kuhifadhiwa na mtu mmoja, hata awe tajiri.

Madume hao wazungushwe. Dume anayeanza kupanda Februari anapata ndama kuanzia Novemba, na binti zake wa asili huingia joto wakiwa na miaka miwili au zaidi. Maana yake ni kwamba akikaa kwenye kitongoji misimu mitatu hajapata nafasi ya kupanda binti yake. Msimu wa nne ni hatari. Wekeni mzunguko usiobadilika: kitongoji cha kwanza kinampeleka dume wake cha pili, cha pili kinampeleka cha tatu, na kuendelea, na wa mwisho anarudi mwanzo. Mzunguko wa namna hiyo hauhitaji mtaalamu wa kila siku, unahitaji tu kwamba mwelekeo usigeuzwe kwa ajili ya urafiki au undugu wa wenye ng'ombe. Dume akimaliza mizunguko yake, ananoneshwa miezi mitatu na kuuzwa.

Mpango mwingi mzuri hufia kwenye suala la fedha, na pingamizi lake ni la haki: kwa nini mimi nimwache dume wangu bora bila kumuuza ili majirani wapate ndama? Jibu ni kwamba usimwache bure. Siku ya ukaguzi, kikundi kikadirie dume huyo angeuzwa kwa bei gani leo, na mwenye dume alipwe sehemu ya fedha hiyo papo hapo, au apewe mtamba, na akiuzwa mwishoni apate fungu lake. Kila anayeleta jike achangie kidogo, kwa fedha au kwa debe la mahindi, mchango unaoliwa na dume mwenyewe wakati wa kiangazi. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kina nafasi nzuri zaidi, maana vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani. Masharti yote yaingizwe kwenye sheria ndogo ya kijiji kupitia mkutano mkuu: hakuna dume asiyeandikishwa anayeachwa huru machungani baada ya umri wa miezi 15, na atakayekiuka dume wake ahasiwe. Sharti hilo ni gumu, nalijua, na bila hilo mengine yote ni maneno tu.

Pingamizi zito zaidi ni la magonjwa. Dume anayetembea vitongoji vitano anaweza kutembeza ugonjwa wa kutupa mimba na magonjwa ya zinaa ya ng'ombe yanayofanya majike wapande bila kushika. Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa kulipuuza. Lakini linganisha na hali ya sasa, ambapo dume yeyote hupanda jike yeyote mtoni bila kujulikana. Mpango wa mzunguko unapunguza idadi ya madume wanaokutana na majike, na unawafanya wote wajulikane. Kwa hiyo damu ya kila dume ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kuanza na kila anapohama, kupitia afisa mifugo wa kata na maabara ya mifugo. Chagueni madume vijana ambao hawajapanda. Kitongoji kilichokuwa na mimba zilizotoka zaidi ya moja katika msimu kisipokee wala kutoa dume hadi sababu ijulikane. Na anayemsaidia jike kuzaa au kushika mimba iliyotoka avae glavu, maana ugonjwa huo humpata na binadamu, pia kwa njia ya maziwa mabichi.

Pingamizi linalosikika kuliko yote ni la maziwa. Njombe mjini kuna kiwanda cha maziwa na wafugaji wanaolisha ng'ombe wa kisasa ndani, juu Kitulo serikali ina shamba la Friesian tangu zamani, na chotara anayetunzwa vizuri hutoa lita nyingi kuliko zile mbili za ng'ombe mwekundu. Kwa nini basi tusipandishe wote kwa mbegu ya kisasa? Kwanza, kwa sababu ya mahali. Kitulo ni baridi na kuna kupe wachache. Ilembula iko chini, ina kiangazi kirefu na kupe wa masikio anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoweza kumaliza ng'ombe wa kigeni wasiokingwa. Mwaka 2007 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi ilitoa mfano wa Uganda: katika ukame, wafugaji waliobaki na ng'ombe wao wa Ankole waliweza kuwaswaga mwendo mrefu hadi kwenye maji, na waliokuwa wamewabadilisha kwa ng'ombe wa kigeni walipoteza makundi yao yote. Pili, na hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa mbegu hawalisemi, chotara wa kwanza ni hodari kwa sababu mama yake ni wa asili. Nguvu hiyo hupungua chotara wakizaliana wenyewe kwa wenyewe. Anayetaka chotara wazuri kila mwaka anahitaji majike safi wa asili kila mwaka, kwa hiyo hifadhi ya ng'ombe wekundu ni mtaji wa mfugaji wa maziwa pia. Kanuni ya kufuata ni kutenganisha. Mwenye banda, majani ya tembo, mashudu ya alizeti, fedha za dawa na mnunuzi wa maziwa anayefikika, ahimilishe majike wake wawili watatu walio nje ya daftari la ukoo. Chotara wake wakae bandani, na madume chotara wahasiwe wote bila ubaguzi. Kinachoangamiza ni dume chotara mzururaji, ambaye anatoa ndama wasiokuwa na maziwa ya baba wala ustahimilivu wa mama.

Wengine watasema: basi tulete dume wa Boran kutoka ranchi ya taifa ya Kongwa, naye ni zebu, tena ana nyama. Kwa kunonesha na kuuza ndama wote, sina neno. Kwa kubadilisha kundi, nakataa, kwa sababu mwili mkubwa una tumbo kubwa, na Oktoba ya Ilembula haijui kwamba dume alikuwa wa gharama. Boran mwenyewe ni ushahidi upande wangu. Alianza kama ng'ombe wa asili wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na wafugaji waliounda chama chao Kenya mwaka 1951 walimfikisha alipo hasa kwa daftari na uchaguzi mkali wa madume ndani ya ukoo wake, kiasi kwamba leo mbegu zake zinatafutwa hadi Australia na Afrika Kusini. Linganisha na ng'ombe wa Mpwapwa, kazi ya kisayansi ya kuheshimika iliyochanganya damu za Sindhi Mwekundu, Sahiwal, zebu wa Tanzania, Boran na Ayrshire, na kukamilika kuwa aina mpya mwaka 1958. Ni mnyama mzuri, lakini kwa sehemu kubwa amebaki kwenye mashamba ya taasisi, kwa kuwa hakukuwa na madume wa kutosha kuwafikia wafugaji na wafugaji hawakuwa wenye daftari lake. Ukoo hudumu pale wenye ng'ombe wanapokuwa wenye uchaguzi.

Kuhusu kugandisha mbegu, jambo hilo linafaa na liombwe. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, kina uwezo wa kukusanya na kuhifadhi mbegu kwenye naitrojeni ya maji, na madume bora watano au kumi wa ukoo huu wakiwekwa humo tutakuwa na akiba siku likizuka janga. Tunajua janga linavyoweza kuwa: sotoka ya miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika, na koo tulizonazo zilijengwa upya na mabaki. Ila mbegu iliyogandishwa haikutani na kupe wapya wala kiangazi kipya. Inabaki ilivyokuwa siku ilipochukuliwa, na haina maana bila majike hai wa kuipokea. Iwe akiba nyuma ya kundi, na kundi liendelee kuishi.

Nije kwenye chakula, kwa sababu ni lazima nikiri hoja moja dhidi ya hoja yangu: uchaguzi wa dume ni wa polepole. Kizazi cha ng'ombe wa asili ni kama miaka sita, na katika miaka mitano ya mwanzo nyongeza utakayoiona itatoka zaidi kwenye lishe na afya kuliko kwenye damu. Sawa kabisa. Ndiyo maana viende pamoja, tena dume bora hawezi hata kutambulika katika kundi linalokufa njaa, maana njaa huwafanya wote wafanane. Jike wa kilo 250 anahitaji kilo sita au saba za chakula kikavu kwa siku. Kuanzia Julai hadi katikati ya Novemba hiyo inakaribia tani moja. Mabua ya ekari moja ya mahindi yanaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo kama yatakatwa mapema baada ya mavuno, yakahifadhiwa juu ya kichanja penye paa, na kukatwakatwa wakati wa kulisha. Yakiachwa shambani yachomwe na jua na kukanyagwa, nusu yake imepotea. Ongeza marando, maganda ya maharage na kiasi kidogo cha mashudu ya alizeti, ambayo Ilembula inayo, kwa wenye mimba na wanaonyonyesha kwanza. Jiwe la chumvi lisikosekane. Lenga mimba nyingi zishike Februari hadi Aprili, ng'ombe wakiwa wamenenepa, ili ndama wazaliwe Novemba hadi Januari, mvua ikichipusha nyasi na maziwa ya mama.

Ardhi ni suala la karatasi kama lilivyo la nyasi. Malisho ambayo hayamo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji yatageuka shamba la miti mtu mmoja akipata mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na sheria ya nyanda za malisho ya 2010 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga eneo, kulipima na kulilinda. Zitumieni mapema, na mkishatenga, kubalini idadi ya ng'ombe ambayo eneo linabeba. Hapa nakubaliana na watu wa mazingira wanaotaka mifugo ipungue: daftari lenyewe litawaonyesha majike ambao hawajazaa miaka mitatu, na hao wauzwe kwanza. Kundi la majike 300 wanaozaa linahifadhi damu kuliko 500 ambao nusu yao ni tasa au wazee.

Afya ina mambo mawili yasiyoahirishika. Kuogesha kwenye josho kwa ratiba moja ya kijiji kizima, dawa ikichanganywa kwa kipimo chake, maana dawa iliyozimuliwa hufundisha kupe kuivumilia. Na chanjo: homa ya mapafu, chambavu, kimeta, midomo na miguu kwa ratiba ya idara ya mifugo, na kwa ndama wa majike bora, ikiwezekana, chanjo ya ndigana kali, ambayo hutolewa mara moja tu maishani. Kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa 2025 ni nafasi ya kufanya yote mawili kwa siku moja. Pelekeni daftari siku hiyo.

Binti wa kwanza wa madume mliowachagua watazaa wakati mpango una miaka mitano hivi. Siku hiyo chukua madaftari mawili, la mwaka wa kwanza na la mwaka huo, ulinganishe umri wa kuzaa mara ya kwanza, miezi kati ya uzazi na uzazi, na ndama waliofikisha mwaka mmoja. Dume ambaye binti zake wako nyuma ya mama zao aondolewe kwenye mzunguko pamoja na ndugu zake madume, hata kama ndiye mzuri kuliko wote kwa kumtazama, na nafasi yake ichukuliwe na mwana wa jike aliyeongoza.